Hazina ya Kanuni za Usanifu na Jinsi ya Kupima Maendeleo Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Ilomba, Mbeya)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya kujielimisha baada ya kuondoka shuleni. Jambo hilo ni pana na muda wetu ni mfupi, kwa hiyo nimechukua kipande kimoja tu ninachokifahamu kutokana na kazi ya kila siku. Swali langu ni hili: mtu akiamua kujiwekea hazina yake mwenyewe ya kanuni za usanifu, atajuaje kwamba hazina hiyo inakua kweli, wala si kwamba daftari linanenepa tu?

Niseme kwanza neno usanifu nalitumia kwa maana gani. Usanifu ni kuamua, kabla ya kushika jembe au mwiko, kitu kitakaaje, kitatumiwa na nani, na kitadumu vipi. Anayechora ramani ya zahanati anasanifu. Anayepanga mafiga ya jiko la mama yake ili moshi utoke nje, naye anasanifu. Hata karani anayepanga fomu ya maombi ili mwananchi aijaze bila kurudishwa mara tatu, huyo pia anasanifu. Kanuni ya usanifu ni neno fupi lililozaliwa na mambo mengi yaliyoonekana, nalo humwongoza mtu katika uamuzi unaofuata.

Huenda mmoja wenu akasema hayo ni mambo ya wahandisi. Tazameni yaliyotokea nchini mwetu. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ili kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikatengwa kujenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima kwa muda wa miezi michache. Kazi kubwa ilifanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kununua vifaa wenyewe na kutumia mafundi wa mahali, wasimamizi wakiwa wakuu wa shule, watendaji na kamati za wananchi. Ramani ya mfano ilikuwapo. Lakini ramani ya mfano haijui kiwanja chenu kina mteremko gani, maji ya paa yatakwenda wapi, wala upepo wa mahali penu hutokea upande gani. Mambo hayo huamuliwa kiwanjani na mwalimu wa jiografia, mtendaji wa kata, mjumbe wa kamati na fundi. Watu hao ndio sisi tuliomo humu ukumbini. Tukikosea chumba kimoja, watoto watakaa na kosa letu miaka mingi baada ya sisi kustaafu.

Kwa hiyo kila mmoja wetu anahitaji hazina, na hazina ya mtu mmoja yaweza kuwa daftari la kawaida la kurasa 200. Tatizo ni kwamba mwenye daftari hupenda kuhesabu. Akiona ameandika kanuni 10, kisha 50, kisha 100, hufurahi na kudhani amepiga hatua. Siku hizi jambo hili limezidi, maana simu hubeba picha maelfu ya majengo mazuri, na mtu hujiona tajiri kwa kuzitunza. Mkulima hapimi mavuno kwa kutazama kihenge kimejaa kiasi gani kabla hajapepeta, kwa sababu pumba nazo hujaza kihenge. Basi nitawaeleza vipimo vitano ambavyo mimi navitumia badala ya hesabu hiyo.

Kipimo cha kwanza ni sababu. Katika daftari langu kila kanuni huandikwa kwa mambo matano: tatizo, mahali, kanuni yenyewe, sababu, na mpaka wake. Kanuni isiyo na sababu ni amri tu, na amri hushindwa siku mazingira yanapobadilika. Nitoe mfano. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini waliojenga kwa matofali mabichi walitokeza paa nje ya ukuta na kuinua msingi kwa mawe. Ukiandika tu kwamba paa litokeze, umeandika nusu. Sababu ni kwamba udongo mkavu hubeba mzigo vizuri sana, lakini ukilowa hulegea, na maji huushambulia ukuta kwa njia mbili: kutoka juu kwa mvua ya upepo, na kutoka chini kwa matone yanayoruka ardhini. Paa huzuia la kwanza, jiwe huzuia la pili. Ukiisha kuijua sababu hiyo, utajua pia kwamba mwenye ukuta wa tofali la kuchoma na fedha kidogo aweza kupunguza urefu wa paa, lakini mwenye tofali bichi asithubutu.

Mpaka nao ni muhimu kama sababu. Chukueni kanuni ya kuelekeza darasa. Pande ndefu za jengo zitazame kaskazini na kusini, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni huja chini chini kutoka mashariki na magharibi, nalo ni gumu kulizuia kwa paa. Kanuni hiyo yafaa Dar es Salaam na yafaa hapa. Lakini mwenzake, yaani kanuni ya kuacha madirisha wazi yenye nondo na wavu ili upepo upite muda wote, ina mpaka. Pwani ni rehema. Mbeya ipo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ninyi mnaokaa bweni mnaijua baridi ya Juni na Julai kuliko mimi ninavyoweza kuieleza. Hapa dirisha lazima liweze kufungwa. Tena katika miezi hiyo jua la mchana kwetu huwa limeelemea kaskazini, kwa hiyo dirisha la kaskazini lenye kioo hutuletea joto bila kulipia kuni wala umeme. Kila mwaka mimi huchagua kurasa 20 bila kupanga, nikafunika sehemu ya sababu na mpaka kwa karatasi, nikajaribu kuzisema. Idadi ninayoipata katika 20 ndiyo alama yangu.

Kipimo cha pili ni kiasi cha uhakika. Mwaka 1977 Christopher Alexander na wenzake wa California, Marekani, walitoa kitabu kiitwacho A Pattern Language, chenye kanuni 253 zinazoanzia mpango wa miji mpaka pambo la ukuta. Mimi nakistahi kitabu hicho kwa jambo moja zaidi ya yote. Waandishi waliweka alama za nyota. Kanuni yenye nyota mbili ni ile waliyoiamini kabisa. Yenye nyota moja ni ile waliyoona wameikaribia. Isiyo na nyota ni ile ambayo hawakuwa na hakika nayo. Wataalamu walikiri mbele ya dunia yote kwamba si kila walichoandika kina uzito mmoja.

Mimi natumia maneno matatu ya kwetu: nimesikia, nimeona, nimepima. Maendeleo ni kanuni kuhama kutoka neno moja kwenda la pili. Vijana, hili mnaweza kulifanya leo. Mmesikia kwamba milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Basi paa la mita za mraba 70, mvua ikiwa milimita 20, lingetoa lita 1,400. Wekeni kopo lenye kuta zilizosimama wima uwanjani, pimeni kina cha mvua kwa rula, kisha pimeni maji yaliyoingia katika tangi kutoka kwenye mfereji wa bati. Mtakuta yamepungua, maana mengine hurushwa, mengine huvuja, mengine hulowanisha bati tu. Upungufu huo andikeni. Siku hiyo kanuni itakuwa yenu, na mtu akija kuwauzia tangi kubwa kuliko paa lenu mtamjibu kwa hesabu.

Kipimo cha tatu ni maamuzi. Nyuma ya kila ukurasa mimi huacha nafasi ya kuandika tarehe, mahali, na kilichobadilika kwa sababu ya kanuni hiyo. Ukurasa ambao nyuma yake ni mweupe kwa miaka mitano ni deni. Niwape mfano mdogo. Iliwahi kupita mezani kwangu ramani ya kituo cha kuchotea maji katika kijiji kimoja. Kila kitu kilikuwa sawa: bomba, zege, mtaro. Lakini koki ilichorwa sentimita 30 kutoka sakafuni. Ndoo ya lita 20 ina kimo kinachozidi sentimita 35. Katika daftari nilikuwa na mstari usemao kwamba kipimo cha kitu kitoke kwa chombo na mwili wa anayekitumia, wala si kwa mazoea ya mchoraji. Tulibadilisha tarakimu moja kwa penseli, na haikugharimu hata senti. Kama zege lingekwisha kumwagwa, akina mama wa kijiji kile wangeinamisha ndoo kila siku na kuondoka na nusu.

Hapa mjini kwetu kipimo hiki kina uchungu wake. Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto mwaka 2006. Soko la SIDO, palepale jirani, liliteketea mwaka 2017. Wapo humu ambao wazazi wao walipoteza mtaji wote kwa usiku mmoja. Sababu ya moto ni kazi ya wachunguzi, wala sitaigusa. Kanuni ya usanifu huuliza swali jingine: moto ukishawaka, kitu gani kinauzuia usivuke kwenda kibanda cha pili, na gari la zimamoto litapita wapi? Kanuni ya kuacha njia pana kati ya safu za vibanda inafahamika na kila mtu. Lakini njia huanza kuliwa na meza moja, kisha turubai moja, kisha kibanda. Kanuni inayojulikana na watu wote bila kumzuia hata mtu mmoja kuweka meza, katika hazina ihesabiwe kuwa haipo. Ndiyo maana nasema pimeni maamuzi.

Kipimo cha nne ni kufuta na kusahihisha. Hazina isiyopunguzwa hata siku moja haikaguliwi. Somo kubwa katika jambo hili tunalipata katika historia ya maji vijijini. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na nyumba yake, umbali usiozidi mita 400, ifikapo mwaka 1991. Nia ilikuwa njema kabisa. Katika vijiji vingi ziliwekwa pampu za dizeli. Kisha bei ya mafuta ikapanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, na fedha za kigeni zikawa haba. Pampu nyingi zikasimama kwa kukosa mafuta na vipuri. Mipango mikuu ya maji ya mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, iliyotayarishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Denmark, ilitilia mkazo maji ya mserereko pale ambapo milima inaruhusu, kwa sababu mteremko hauombi dizeli.

Mtu aliyeandika wakati ule kwamba asitumie pampu, bali atumie mserereko, aliandika kanuni nzuri. Lakini leo zipo pampu zinazoendeshwa kwa nguvu ya jua, nazo hazihitaji pipa la mafuta kutoka mjini. Je, kanuni ile imekufa? Maneno yake yamekufa, sababu yake i hai. Ukiichimba utakuta inasema hivi: usijenge kitu ambacho gharama ya kukiendesha na kukitengeneza inazidi mfuko na ufundi wa watakaobaki nacho. Kwa kanuni hiyo iliyosahihishwa, hata pampu ya jua itaulizwa maswali: ikiharibika nani ataifungua, kifaa kitatoka wapi, na kwa fedha za nani? Kufuta mstari mmoja wa zamani na kuandika ulio na mizizi zaidi ni maendeleo makubwa kuliko kuongeza mistari 10 mipya. Mimi sifuti kwa kifutio. Napiga mstari mmoja juu yake ili niendelee kuona nilikotoka, na pembeni naandika mwaka na sababu.

Kipimo cha tano ni kushikana. Kanuni zilizotawanyika ni kama matofali yaliyorundikwa, hazijawa ukuta. Nyumba za mawe za Waswahili wa pwani zinatufundisha. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake. Basi upana wa chumba ukawa mwembamba, mara nyingi usiozidi kiasi cha mita 3, na urefu ndio uliorefushwa. Nyenzo iliamua chumba, chumba kikaamua nyumba, na nyumba zikaamua mtaa. Vivyo hivyo lango lilipangwa ili anayepita njiani asione ndani moja kwa moja, na nje pakawekwa baraza ili mgeni apokewe bila kuvuruga faragha ya wenyeji. Hizo ni kanuni mbili zinazotegemeana. Ukiondoa moja, ya pili inalemaa.

Tazameni pia Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza nchini, na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake limeundwa kwa miavuli mikubwa ya zege. Miavuli hiyo hutoa kivuli, huruhusu hewa kupita, na tena ilipangwa ikusanye maji ya mvua na kuyateremsha chini katika hifadhi. Kitu kimoja, kazi tatu. Soko hilo nalo lilipatwa na moto Julai 2021, jambo linalotukumbusha kwamba jengo zuri haliondoi haja ya ulinzi. Katika daftari langu, kila ukurasa una nambari za kurasa nyingine unazotegemea. Ukurasa usio na nambari hata moja hunipa wasiwasi kwamba bado sijauelewa.

Ndugu zangu, kuna mtihani mmoja unaojumlisha vipimo vyote hivyo, nao ni kurithisha. Huko Mbinga, mkoani Ruvuma, Wamatengo wamelima katika miteremko mikali kwa zaidi ya miaka 100 kwa njia ya ngoro. Nyasi zilizokatwa hupangwa ardhini katika miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika nyasi zile. Hubaki mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta. Mvua inapokuja, kila shimo hushika maji yake kidogo. Maji hayapati nafasi ya kukusanyika na kuwa mkondo wa kubomoa mlima. Nyasi zinaoza na kurutubisha matuta yanayopandwa. Kanuni yake ni kugawa nguvu ya adui katika sehemu ndogo kabla haijakusanyika. Kanuni hiyo haikuhitaji maktaba. Ilihifadhiwa mikononi mwa akina mama waliochimba na mabinti waliochimba pamoja nao, na kila masika mlima uliwasahihishia mtihani. Kama hazina yangu yenye wino na jalada haiwezi kufundisha fundi kijana au mwanafunzi wa kidato cha pili akaweza kuitumia bila mimi kuwapo, basi iko nyuma ya hazina ya mama wa Kimatengo.

Sasa niseme juu ya utaratibu, kwa kuwa nia bila utaratibu huisha mwezi wa pili. Chagueni siku moja kwa mwaka. Andikeni ukurasa mmoja tu wenye tarakimu tano: kanuni ngapi katika 20 mliweza kuzitolea sababu na mpaka, ngapi zimehama kutoka kusikia kwenda kuona, na kutoka kuona kwenda kupima, ngapi zimebadilisha uamuzi, ngapi zimefutwa au kusahihishwa, na ngapi bado zimesimama peke yake. Linganisheni na mwaka uliopita. Zikiwa chini, msikate tamaa wala msizipambe. Huo ni ukurasa wenu, hakuna ofisa atakayeusoma.

Kwenu vijana, msingoje chuo kikuu. Jiji letu lina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na baadhi yenu mtafika huko. Lakini darasa hili, bomba lile, na foleni ya chakula pale bwaloni vinatosha kuanzia. Jiulizeni kwa nini dawati hili linaumiza mgongo na lile haliumizi. Pimeni yote mawili. Andikeni.

Kwetu sisi wakubwa nina pendekezo moja kwa Kamati. Shule ianzishe daftari kubwa la pamoja, litunzwe maktabani. Kila mwanafunzi wa zamani atakayekuja mwakani alete kanuni moja kutoka kazini kwake, iwe ya ujenzi, ya uuguzi, ya kilimo au ya kupanga mafaili, yenye sababu na mpaka wake, na aeleze iwapo ameisikia, ameiona au ameipima. Wanafunzi wachague tatu na wazijaribu hapahapa shuleni, kisha watuletee majibu. Wakikuta tumekosea, wapige mstari na kuandika mwaka. Mimi nitaanza na ile ya maji ya paa, na kopo la kupimia nitalileta mwenyewe kabla ya mvua za Novemba.